Karakana ya umeme wa boti hapo Bichi Muhanzi: wanapima kwanza, bei baadaye

Niseme mapema: hawa si watu wa bei ya chini, na ukienda kwao bila subira utarudi nyumbani umenuna. Lakini kwa mwenye boti hapa Bukavu ambaye injini yake inagoma kuwaka asubuhi, au betri yake inakufa ovyo, sijaona karakana nyingine inayofanya kazi kwa mpangilio kama hii. Ni kibanda cha mabati kwenye mteremko wa kwenda Bichi Muhanzi, mlango wa bluu uliochubuka, betri zimepangwa nje juu ya mbao. Hakina kibao. Ukiuliza "kwa fundi wa demareri", ile mota ndogo ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, hata mtoto atakuonyesha.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni biashara. Boti yangu ya mbao inapeleka kisiwani Idjwi, hapa Ziwa Kivu, chumvi, sukari, sabuni, mabati na saruji. Inarudi na mananasi, maharage, ndizi na watu. Injini ni ya Kijapani, nguvu za farasi 60, mipigo minne, ya kuwasha kwa ufunguo. Wengi ziwani bado wanatumia zile ndogo za kuvuta kamba, na wakitucheka sisi wa ufunguo siwalaumu, maana kamba haiombi betri. Ila injini ya mipigo minne ikiwa nzima inakunywa mafuta kidogo kuliko zile za mipigo miwili, na mimi kinachonikosesha usingizi ni bei ya mafuta.

Tatizo lilianza polepole. Ukizungusha ufunguo, injini inajizungusha kivivu, halafu inawaka. Baadaye ikawa inatoa "tak" moja, kisha kimya. Unajaribu tena, "tak". Unajaribu tena, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Jumatatu ndiyo ilikuwa mbaya kupita siku zote. Abiria wamejaa, mizigo imefungwa, akina mama wanaowahi soko la kisiwani wanaangalia saa kwenye simu zao, kapteni anahangaika na ufunguo, na vijana wa bichi wametuzunguka kila mmoja na dawa yake. Bichini kila mwanaume ni fundi. Huyu anasema ni bujia, ile plagi ya cheche, yule anasema ni maji kwenye mafuta, mwingine tayari ana nyundo mkononi anataka kuigonga demareri. Huyo wa nyundo hakuwa mjinga kabisa, nitarudi kwake.

Garaji ya kwanza tuliyoiendea siitaji jina. Walisikiliza ile "tak", wakatingisha vichwa, wakasema demareri imekufa. Walitaka dola 180 za demareri, na juu yake betri mpya, na ile ya zamani wabaki nayo wao. Hawakushika chombo chochote cha kupimia. Nikawaambia nitarudi, kama tunavyosema wote.

Kwa huyu wa mlango wa bluu mambo yalianza kwa maswali. Ni mwanaume wa makamo, maneno machache, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuangalia injini kwanza. Alimwangalia kapteni: ilitoa sauti gani? Moja au nyingi? Taa za boti zilififia ulipozungusha ufunguo? Siku gani inasumbua zaidi? Nani wa mwisho kugusa nyaya? Kapteni alitaka kueleza historia nzima ya injini, fundi akamkatisha, "Kapteni, sauti tu. Niigize." Mtu mzima akasimama pale mbele ya watu anasema tak, tak, taktaktak. Nilicheka, lakini nikajua baadaye kwamba nusu ya kazi ilikuwa hapo.

Alivyonieleza ni hivi. Kama ufunguo hautoi sauti yoyote, shaka inaanzia kwenye fyuzi, kwenye ufunguo wenyewe, au kwenye gia: injini hizi zina swichi inayozuia kuwaka kama gia haiko nyutro, na kapteni mwenye haraka huisahau. Kama ni taktaktak ya mfululizo, betri ni dhaifu au kibanio kimelegea. Kama ni "tak" moja nzito, umeme unatosha kuivuta relei, ile swichi inayoipelekea demareri umeme, lakini haufiki wa kutosha kuizungusha demareri, au demareri yenyewe imekwama. Na kama injini inazunguka vizuri kwa nguvu zake zote lakini haishiki moto, hapo uache betri ya watu. Tafuta mafuta, tafuta cheche, na kabla ya vyote angalia kama kipini cha kamba ya usalama kimechomoka. Alisema hilo la mwisho limeshamlipa pesa ambazo aliona haya kuzipokea. Alizipokea hata hivyo.

Betri yetu waliichaji usiku kucha kwao. Asubuhi akairudisha botini, akawasha taa kwa dakika moja hivi, akaizima, ndipo akapima. Nikamuuliza taa ya nini mchana kweupe. Akasema betri iliyotoka kuchajiwa ina volti za juu juu zinazodanganya. Taa inaziondoa, zinabaki za kweli. Multimeta, kile kipimo cha umeme, ikasoma volti 12.5. Betri iliyojaa hukaa kwenye 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 iko karibu na utupu. Kisha akafungua vifuniko, akanyonya asidi kwa kile kipimo cha kioo chenye kidude kinachoelea ndani, chumba kimoja kimoja, vyote sita. Vilisoma karibu 1.24, yaani uzito wa asidi ukilinganishwa na maji, hakuna kilichoachwa nyuma na wenzake. Chumba kimoja kikishuka mbali na vingine, betri hiyo ni ya kutupa hata kama volti zake zinapendeza.

"Mama, betri yako haijashiba, lakini haijafa," akasema. "Usinunue nyingine."

Hebu fikiria. Mtu mwenye betri za kuuza mlangoni kwake ananiambia nisinunue betri.

Baada ya hapo akachomoa kipini cha kamba ya usalama, ili kwenye injini yangu demareri izunguke bila injini kuwaka, akamwambia kapteni azungushe ufunguo kwa sekunde chache tu. Demareri haipendi kuzungushwa mfululizo. Inapata joto haraka na ukiing'ang'ania inaungua. Kijana wake akashika sindano za multimeta, na hapa ndipo nilipoelewa nilikuwa nalipia nini. Sindano hakuziweka kwenye vibanio vya waya. Aliziweka kwenye risasi ya vichwa vya betri vyenyewe, katikati kabisa, kwa sababu kibanio nacho ni mshukiwa. Ikasoma 10.8 wakati demareri inajitahidi. Wakahamia kwenye demareri: sindano moja kwenye bolti ya shaba inakoingia waya mnene, nyingine kwenye mwili wake. 8.3.

Betri inatoa 10.8, demareri inapokea 8.3. Volti mbili na nusu zimepotelea njiani. Mimi niliyesafirisha bidhaa kwa barabara miaka mingi hesabu hiyo sihitaji kufundishwa: gari linaondoka na magunia yake, kila kizuizi kinadai chake, ukifika unahesabu pungufu na dereva anaapa hakuna aliyegusa. Kilichobaki ni kujua ni kizuizi kipi.

Na kukijua si uchawi. Sindano moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine upande wa pili wa waya huohuo, mtu azungushe ufunguo, usome. Waya mzima hauachi chochote cha maana kwenye multimeta. Waya mbovu unaonyesha ulichokula. Upande wa chanya ulikula 0.4, ambayo inavumilika, maana fundi anaweka mpaka kwenye nusu volti. Relei ilikula 0.2. Upande wa masi, ule waya mweusi unaotoka kwenye mwili wa injini kurudi betri, ambao haupaswi kula hata 0.3, ulisoma 1.9.

Fundi hakusema kitu. Alianza kuupapasa waya mweusi kutoka kwenye injini, chini ya mbao, akisogea polepole mpaka akafika kwenye uvimbe uliofungwa tepu nyeusi karibu na benchi la kapteni. Akanishika mkono akaniwekea pale. Palikuwa na joto. Sehemu nyingine zote za waya zilikuwa baridi kama asubuhi yenyewe, pale palikuwa na joto. Akakata tepu kwa kisu kidogo. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani unaomwagika ukiugusa, nyingi zimekatika, na zilizobaki nzima unaweza kuzihesabu kwa kidole.

Historia yake kapteni anaijua. Zamani betri ilikaa nyuma karibu na injini, ikawa inarushiwa maji, ikahamishiwa chini ya benchi. Waya haukufika, wakaunga kipande. Waliunga kwa kusokota kwa mkono na kuvingirisha tepu. Watu wanasema Kivu si bahari, hakuna chumvi ya kula shaba. Kweli, lakini chini ya mbao za boti hapakauki hata siku moja, na hiyo inatosha.

Wakaweka waya mpya usiokuwa na kiungo, wa milimita za mraba 35, mnene kuliko ule wa zamani kwa sababu njia sasa ni ndefu. Vichwa vyake wamevibana kwa koleo la haidroliki, si kwa nyundo, na juu yake wakavalisha ule mpira unaojibana ukiupasha moto. Zile nati zenye masikio za kukaza kwa vidole walizing'oa kwenye betri wakaweka za kukaza kwa spana. Mtetemo wa injini unazilegeza zile za vidole bila mtu kujua. Wakapima tena: 10.6 kwenye betri, 10 kwenye demareri. Injini ilizunguka kwa namna ambayo kapteni mwenyewe aliruka kidogo.

Sasa yule wa nyundo. Nilimuuliza fundi kama kugonga demareri ni upuuzi. Akasema ndani ya demareri kuna vipande vya kaboni vinavyogusa shaba inayozunguka. Vikiisha au vikikwama, pigo linaweza kuvisogeza vikagusa tena, na injini ikawaka. Mara moja, labda mara mbili, ukiwa katikati ya ziwa na huna lingine. Lakini demareri nyingi za siku hizi zina sumaku zilizogandishwa ndani, na nyundo inazipasua. Yangu hakuifungua. Aliizungushia kile kipimo cha kubana cha ampea, akaona inavuta kiasi cha kawaida, akaiacha. "Kinachofanya kazi hakifunguliwi." Kwa hiyo ile dola 180 ya demareri ingekwenda kununua kitu ambacho ninacho.

Nilidhani tumemaliza. Nikatoa pesa. Akasema ngojea, bado hujajua kwa nini betri inakosa kushiba.

Tulitoka na boti kidogo nje ya ghuba, kijana ameshika multimeta kwenye vichwa vya betri, kapteni akapandisha mzunguko hadi 3,000 kwa dakika. Hapo betri inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5, maana yake injini inailisha. Ikivuka 15 pia ni ugonjwa, asidi inachemka na betri inakauka. Yetu ilisoma 12.3, na ilikuwa inashuka. Yaani boti yangu ilikuwa inakwenda Idjwi na kurudi kwa chaji ya ukutani, na umeme wa mji ukikatika usiku, kesho yake tunasukumana.

Injini ya kufunga nyuma ya boti kama hii haina mkanda wala altaneta ya gari unayoiona kwa macho. Umeme unazaliwa juu, chini ya lile gurudumu zito lenye sumaku, linapozunguka kuzizingira koili, zile nyaya zilizoviringishwa. Unaotoka pale ni mkondo geu, ambao betri haiwezi kuupokea. Unapita kwanza kwenye rektifaya, kisanduku cha alumini chenye mapezi, kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuuzuia usipite kiasi. Kwa hiyo kuna washukiwa watatu: koili, rektifaya, au waya na fyuzi kati ya hapo na betri. Fyuzi ilikuwa nzima. Koili wakazichomoa kutoka kwenye rektifaya, nyaya tatu za rangi moja, wakapima mkondo geu kati ya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Namba zikalingana zote. Hicho ndicho wanachokitafuta, kulingana, kuliko ukubwa wa namba yenyewe. Wakahakikisha hakuna koili inayovujisha kwenye mwili wa injini. Hakuna. Kwenye rektifaya njia mbili hazikupitisha umeme upande wowote. Imeungua.

Fundi akavua miwani. "Mnachomoa betri injini ikiwa inazunguka?"

Kapteni akakohoa.

Kila mtu wa bichi anaijua betri ya kuazimana. Boti ya jirani haina nguvu. Unawasha yako, unachomoa betri injini inaunguruma, kijana anaruka nayo kwenye boti ya pili, wanawasha, betri inarudi. Ni ujirani mwema, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu injini za ufunguo zilipoanza kuonekana. Shida ni kwamba betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti inayotoka kwenye koili. Ukiiondoa, mishtuko hiyo yote inaishia kwenye rektifaya. Vivyo hivyo ukizima swichi kuu ya betri kabla ya kuzima injini. Na ukigeuza nyaya, chanya kwa hasi, hata kwa kugusisha tu gizani, inaungua papo hapo bila kuaga.

"Fundi, tulimsaidia mwenzetu tu," kapteni akasema.

"Mwenzenu awe na waya zake za kuchangia," fundi akajibu. "Betri ibaki ilipo." Alilisema kwa ukali ambao sikuupenda, mbele ya vijana, kwa mtu mwenye mvi. Hiyo ni alama ninayomkata.

Jambo la tatu lilikuwa dogo, lakini ndilo lililonieleza Jumatatu zangu. Kila kitu kikiwa kimezimwa, walichomoa waya hasi wakaiweka multimeta katikati, upande wa ampea, ili umeme wote upite ndani yake. (Ukiwa umeiweka hivyo usithubutu kuzungusha ufunguo, fyuzi ya multimeta inakatika hapohapo.) Boti imelala, na bado kuna 0.8 ya ampea inayotoka. Walipokuwa wanachomoa kimoja kimoja, ikaanguka karibu sifuri walipofika kwenye ile inveta ya kuchajia simu za abiria na redio ya kapteni, ambazo mtu alizifunga moja kwa moja kwenye betri. Zinaonekana zimezimwa, lakini hazijazimwa. Kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 36 hivi. Zidisha kwa 0.8, unapata karibu saa-ampea 29. Betri yangu ni ya 70. Tulikuwa tunaamka Jumatatu na betri iliyoliwa karibu nusu, isiyolishwa na injini, inayojaribu kupitisha umeme kwenye unga wa kijani. Wakaweka swichi na fyuzi kwa vyombo hivyo peke yake, na kapteni sasa anaizima akishuka.

Bei. Uchunguzi dola 15, unalipa hata ukiamua kutotengeneza, na hilo limewafukuza wengi. Mimi naliona ni haki. Asiyelipwa kwa kupima atalipwa kwa kukuuzia. Waya, vichwa, swichi na kazi yake vilifika dola 45 baada ya kuvutana. Alianza na 60. Rektifaya ilikuwa ya namna mbili: ya kuiga, dola 70, ipo siku hiyohiyo, au ya asili, dola 210, mpaka iagizwe Kampala. Nilichagua ya asili na roho iliniuma. Sisemi za kuiga zote ni mbovu, nina jirani anayeitumia na inachaji vizuri, lakini ile aliyonionyesha ilikuwa nyepesi mno mkononi ukilinganisha na iliyoungua, mapezi membamba, na kisanduku hicho maisha yake yote ni kupoza joto.

Na sasa malalamiko, kwa sababu ninayo. "Kesho inafika" ya karakana hii si kesho yako wala yangu. Rektifaya ilichelewa sana, na simu fundi hapokei. Mpaka ushuke mwenyewe mteremko ule wenye tope. Hakuna pa kukaa, mvua ikinyesha wateja tunabanana chini ya mabati yanayovuja pamoja na betri. Risiti niliandikiwa nyuma ya kipande cha katoni mpaka niliposimama kidete nikapata karatasi. Na kubwa kuliko yote: usiku wanachaji betri za wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za taa zile za kuvutia samaki, zinapangwa nyingi ndani ya kibanda kimoja kisicho na dirisha. Betri inayochajiwa inatoa haidrojeni. Cheche moja inatosha kuipasua na kukumwagia asidi usoni. Nilimkuta kijana anavuta sigara mlangoni. Nikamwambia, "Mwanangu, zima hiyo." Akacheka, akaizima kwa heshima, na nina uhakika aliwasha nyingine nilipoondoka. Miwani ya kujikinga sikuona hata moja. Fundi mwenye akili ya kupima volti kwenye katikati ya risasi anashindwaje kutoboa dirisha?

Kwa upande mwingine, muda wote niliokuwa nasubiri kisanduku kutoka Kampala, betri yangu ilichajiwa kwao kila usiku kwa faranga elfu mbili, na asubuhi kijana huyohuyo wa sigara aliibeba mpaka botini akaifunga mwenyewe. Ilipofika rektifaya, tulirudi nje ya ghuba kupima. 14.2 kwenye mzunguko uleule. Injini ikiwa polepole kabisa karibu na gati inashuka hadi 13 na kitu, na fundi anasema ndivyo zilivyo hizi, zinahitaji mwendo ili zichaji. Ukishinda unazungukazunguka ufukweni kutafuta abiria huku taa na redio zinawaka, usitarajie betri ijae.

Jambo moja walilolifanya bila kuombwa nataka lijulikane. Namba zote waliziandika kwenye karatasi, kabla na baada: volti za betri, volti za demareri, ulaji wa kila waya, chaji, uvujaji wa usiku. Waya wa zamani na rektifaya iliyoungua nilikabidhiwa kwenye mfuko. Karatasi ile nimeibandika kwa plastiki ndani ya kifuniko cha sanduku la betri. Kapteni nimemnunulia multimeta ndogo ya sokoni, dola 8, na asubuhi anapima kabla ya kupakia abiria. Ikisoma chini ya 12.3 ananipigia simu, tunatafuta sababu tukiwa bado bichini, mahali ambapo kuna kamba, kuna watu na kuna chai. Katikati ya ziwa upepo wa mchana ukianza, injini hizi zinazopuliza mafuta kwa umeme haziwaki kirahisi na betri iliyokufa, hata ukivua kifuniko ukazungushia gurudumu ile kamba ya dharura.

Nawapa nyota nne. Ya tano inangoja dirisha.

Wanaotaka kwenda: Jumapili wamefunga, Jumamosi wanafunga mapema. Ukiweza, nenda na boti yenyewe au angalau na betri pamoja na nyaya zake zote, usipeleke demareri peke yake mkononi, kwa maana atakurudisha. Mpeleke na aliyekuwepo injini ilipogoma, hata kama ni msaidizi tu, kwa sababu ataulizwa sauti. Wavuvi wanaleta betri zao asubuhi wakitoka ziwani, kwa hiyo ukifika saa mbili utapanga foleni nyuma ya harufu ya sambaza. Saa nne kumetulia. Bei ya kwanza anayokutajia usiikubali, ila ile 15 ya kupima usimpunguzie.